Kazi ya Mikono Miwili: Namna ya Kusafiri na Familia Nzima Mkarudi Bado Mnasalimiana

Mwaka 2018 niliipeleka familia yetu ufukweni, nikatumia pesa nyingi kuhakikisha hatuonani. Sikukusudia. Nilichukua vyumba kwenye hoteli nzuri tu, kila kaya na chumba chake, kiyoyozi chake na runinga yake. Tulikuwa tunakutana asubuhi kwenye foleni ya soseji, tunaulizana "mmeamkaje," kisha kila mtu anarudi kufunga mlango. Mama yangu alimaliza siku mbili chumbani akiangalia tamthilia ileile ya Kituruki anayoiangalia nyumbani Tabata, kwa sababu kati ya chumba chake na bahari kulikuwa na ngazi thelathini na mbili, na magoti yake hayataki ngazi. Tuliporudi nikamuuliza safari ameionaje. Akasema, "Pazuri. Vitanda vizuri."

Miaka sita sikuthubutu tena. Safari ya pili tuliifanya mwishoni mwa Desemba 2024, Lushoto, watu kumi na sita kwenye Kosta moja, na hiyo Mama anawasimulia majirani mpaka leo, kila mara akiongeza chumvi. Kilichobadilika kati ya safari hizi mbili ndicho nataka kukueleza, wewe mwenye mzazi wa magoti, ndugu wa mifuko isiyolingana na watoto wa simu. Mimi ni mhasibu wa shule, kwa hiyo utanivumilia nikianza na pesa.

Pesa, na nani ajue nini

Anza miezi minane kabla. Sisi ni watano, tumbo moja. Nilipiga hesabu nikaona tunahitaji milioni mbili na laki nne, yaani shilingi 480,000 kwa kila kaya, yaani 60,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini kitinda mimba wetu anaendesha bodaboda Mbagala, na 60,000 kwake ni marejesho ya pikipiki. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "tunachanga sawa," hatakataa. Atasema ndiyo, atachelewa mwezi wa kwanza, atazima simu mwezi wa pili, na siku ya safari atakuwa "anaumwa." Nimeliona hilo kwenye misiba, kwenye harusi, kila mahali penye mchango.

Kwa hiyo nilimpigia simu pembeni nikamuuliza anaweza nini. Akasema elfu ishirini. Tukakubaliana ishirini. Pengo la 320,000 alilijaza kaka yetu mkubwa kimyakimya, na anayejua ni mimi mwenye daftari. Na sasa wewe.

Kanuni yangu ni hii: kwenye kundi la WhatsApp weka jumla tu, kila tarehe 5, usiweke majina. "Tumefika 900,000, Mungu awabariki." Orodha ya majina yenye vema na msalaba inafaa kwa wanafunzi walioleta fagio.

Mama naye alileta elfu kumi, imefungwa kwenye pindo la khanga. Nilitaka kumrudishia, dada yangu akanikanyaga mguu. Alikuwa sahihi. Mzazi akichanga anapanda gari kama mwenye safari yake. Usipompokelea, atakaa njia nzima kama mgeni anayeogopa kuomba maji. Ile elfu kumi tulinunulia machungwa Michungwani, na kila aliyemenya chungwa aliambiwa ni la Bibi.

Matumizi yaligawanyika hivi: gari, mafuta na dereva 1,050,000, nyumba kwa usiku nne 600,000, chakula 400,000, matembezi 100,000, akiba 250,000. Usiile ile akiba kwenye mipango. Nitaeleza mwishoni ilikwenda wapi. Na dereva mhesabie chumba na sahani kama mtu wa nyumbani. Dereva aliyelala kwenye kiti cha gari usiku wa baridi ndiye atakayewashusha kwenye kona za mlimani siku ya kurudi.

Tarehe

Hapa nitasema kidogo. Barabara ya Dar kwenda Lushoto ni ileile ya kwenda Moshi na Arusha, na kila mtu anajua kinachotokea pale kabla ya Krismasi: Wachaga wanarudi nyumbani. Mabasi yanajaa, magari madogo yanafuatana kama siafu, na madereva wanashindana. Usiingie humo na mama mzee kati ya tarehe 20 na 24. Sisi tuliondoka tarehe 27 na kurudi tarehe 31, wakati wao bado wanakula nyama mgombani. Tulikuta barabara imepumua.

Ukienda Juni au Julai, shule zimefungwa pia, lakini jua kwamba Lushoto ya Juni si ya mchezo. Ni mji ulioko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba mtu wa Dar anaweza kulia. Desemba kuna uvuguvugu kidogo, mvua za hapa na pale, na matunda ambayo Dar tunayaona kwa nadra: plamsi, peasi, mapichisi. Hata hivyo usiku utataka sweta. Wiki mbili kabla ya safari nilikwenda Karume kwenye mitumba nikachagua masweta kumi na sita na soksi nzito. Mama alipewa la rangi ya zambarau lenye picha ya kulungu kifuani. Alilivaa siku zote nne, na analivaa bado, Tabata, mwezi wa pili, feni ikizunguka.

Nyumba yenye jiko

Hapa ndipo penyewe. Usichukue vyumba vya hoteli. Tafuta nyumba moja, yenye jiko na baraza, hata kama vitanda havitoshi na vijana watalala kwenye magodoro sebuleni. Vijana hawafi kwa kulala chini. Lushoto kuna nyumba za kupanga kwa siku na kuna nyumba za wageni zinazokubali mpike wenyewe, ulizia.

Kabla ya kulipa, usiulize kama pana mandhari nzuri. Lushoto yote ni mandhari. Uliza haya: Kutoka linapoegeshwa gari hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Maji ya moto yapo, na yanatoka wapi? Jiko ni la gesi, la mkaa au la kuni? Masufuria ni makubwa kiasi gani? Mwenye nyumba wetu alinihakikishia kwamba "vyombo vyote vipo," na kweli vilikuwepo, vya watu wanne. Namshukuru Mungu tulibeba sufuria letu la shughuli, lile la pilau la ukoo.

Tulibeba na mbuzi pia. Mama ni Mzaramo wa Maneromango, hali mboga isiyo na nazi, na milimani nazi si kitu cha kuokota. Nikaandika kwenye kundi: "Mama anasema mbuzi asisahauliwe, na nazi ishirini." Shemeji yangu, mtu wa Singida, akauliza kwa heshima zote huyo mbuzi atakaa siti gani. Wiki nzima watu walicheka, na safari ilikuwa bado haijaanza.

Jambo moja la hatari, usilichukulie kirahisi. Baridi ikikolea usiku, mtu atapata wazo la kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Kataa, hata kama ni kaka yako mkubwa. Hewa ya mkaa haina rangi wala harufu ya kukuamsha, na watu wamelala nayo hawakuamka. Mkaa ubaki nje. Ndani ni blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo.

Njiani

Tulitoka Tabata baada ya sala ya alfajiri. Hatukupita Kibaha na Chalinze. Tulikata kupitia Bagamoyo tukatokea Msata, barabara ya lami yenye malori machache. Kuanzia Msata ni Wami, Mkata, Kabuku, Michungwani, Segera, Korogwe, Mombo. Magari yanayokimbia hufika mapema. Sisi tulitumia karibu saa tisa na nilikuwa nimezipanga hizo saa tisa, kwa sababu ya kidonge.

Mama anatumia dawa za presha, na kimojawapo kinampeleka chooni kila mara. Wazee wengi hufanya nini siku ya safari? Wanakiacha bila kumwambia mtu, na hawanywi maji, ili wasiwasumbue wenzao. Mama alifanya hivyo mwaka 2018 na alifika kichwa kinamgonga. Safari hii nilimpeleka kliniki wiki moja kabla, tukamuuliza daktari kidonge kile kinywewe saa ngapi siku ya kusafiri, tukafuata alivyosema. Dawa zikakaa kwenye mkoba wangu wa mkononi pamoja na kadi yake ya bima. Usiziweke kwenye begi lililo chini ya mabegi ya watu kumi na watano.

Kisha tukapanga kusimama kila baada ya saa moja na nusu, mtu ahitaji asihitaji. Ukingoja mzee aombe, hataomba. Vijana wanaweza kuchimba dawa porini, lakini mwanamke wa miaka 74 hawezi kuchuchumaa nyuma ya kichaka akainuka. Tulisimama kwenye vituo vya mafuta, na tulibeba kiti cha plastiki ambacho mdogo wangu alikitoboa katikati kwa kisu cha moto. Kinawekwa juu ya choo cha shimo, mzee anakaa kwa heshima yake. Hicho kiti kiligharimu elfu kumi na mbili, na hakuna kitu kilichotufaa zaidi yake safari nzima. Tulibeba na cha pili kizima, cha kukalia kivulini. Viwekee alama. Utaona kwa nini.

Watoto wanaotapika waketi mbele, waangalie barabara, wasiangalie simu. Kutoka Mombo unakata kulia na kuanza kupanda kuelekea Soni, na kona za pale hazikupi nafasi ya kujiuliza. Upande huu mwamba, upande ule korongo, mto uko chini unang'aa. Zamani tungebeba mifuko ya rambo, lakini tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na mfuko wa kitambaa kwa kazi hii haufai hata kufikiriwa. Chukua ndoo tupu ya rangi ya lita nne, yenye mfuniko unaobana. Mpwa wangu aliitumia mara mbili kabla ya Soni. Tangawizi mbichi ya kutafuna iliwasaidia wakubwa, watoto waliitema.

Chakula cha njiani pika nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga, chupa mbili za chai. Chipsi za stendi zina ladha, lakini hujui mafuta yale yameanza kazi lini.

Tulipofika Mombo na kuanza kuiona milima imesimama kama ukuta, Mama alinyamaza. Nikadhani ni tumbo. Nikamsogezea ndoo, akaisukuma kwa kiwiko.

Baraza na njegere

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wakitaka familia ikae pamoja huanza kwa kukusanya simu kwenye kapu. Usifanye hivyo. Mtu mzima hanyang'anywi simu, na kijana ukimnyang'anya atakaa karibu yako mwili tu, roho iko kwenye kapu. Nilichogundua, na nilikigundua kwa bahati tu, ni kwamba dawa ya simu ni kazi inayotaka mikono miwili.

Siku ya pili asubuhi nilimtuma shemeji sokoni na orodha fupi. Sokoni Lushoto kuna wingi unaomchanganya mtu wa mjini: kabichi, karoti, hoho, viazi, vile vilevile vinavyopakiwa kwenye malori usiku kuja kwetu Dar, ila hapa bei inakufanya ujione tajiri. Shemeji alirudi na nusu gunia la karoti, peasi ndoo nzima, na njegere mbichi, zikiwa bado kwenye maganda, kiasi cha kulisha shule. Wifi yangu alitaka kumpiga. Nani atazimenya?

Tukazimwaga kwenye mkeka barazani, katikati. Mama akavuta kiti, akaanza. Mimi nikakaa. Dada akakaa. Binti yangu wa miaka kumi na sita alikuja kuangalia kuna nini, akachukua ganda moja kujaribu, na baada ya dakika kumi simu yake ilikuwa imelala kifudifudi kwenye ukuta wa baraza. Huwezi kumenya njegere na kuperuzi. Vidole vinakuwa na utomvu wa kijani, na kila punje inayoruka watoto wanaikimbilia. Saa mbili na nusu tulikaa pale, watu kumi na wawili, bila mtu kusema "jamani tuongee." Kazi ya mikono ina heri moja: macho yako chini. Mtu anasema jambo ambalo asingelisema akitazamwa usoni.

Kitinda mimba wetu alisema pale, akiwa ameinamia njegere, kwamba mwezi wa tisa aligongwa na gari na hakutuambia. Hakuna aliyefoka. Mama aliuliza tu, "Mguu upi?" akaendelea kumenya.

Baadaye kidogo akauliza yeye, bila kuinua kichwa: "Mazinde iko upande gani?"

Tukatazamana. Mama yetu, kwa tunavyojua sisi, ametoka Maneromango akaolewa Dar, basi. Akaeleza kwamba mwaka wa Azimio la Arusha, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, alipelekwa Mazinde kwa mjomba wake aliyekuwa mkata mkonge, kumsaidia mke wa mjomba aliyejifungua. Alikaa miaka miwili. Alikuwa anawaona wakataji wanafunga mzigo, majani thelathini kwa mzigo mmoja, nyapara anahesabu kwa fimbo. Alikumbuka miba ya ncha za mkonge na harufu ya korona.

"Korona ya mwaka 1967, Bibi?" mjukuu akadakia.

Ikabidi aeleze: korona ni mashine ya kusaga majani ya mkonge yatoke nyuzi. Watoto walicheka mpaka wakalala kwenye maganda. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kutuambia haya yote. Akasema, "Nilishawahi. Ulikuwa unaangalia simu."

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na kama utasahau mengine yote, hili lishike: kila siku ya safari iwe na kazi moja ya mikono miwili, ya pamoja, isiyo na haraka. Njegere ni bora. Mchele wa kuchambua unafaa. Kukuna nazi kunafaa sana, maana watoto wa siku hizi wanaipigania mbuzi kama baiskeli. Mjukuu mmoja alikuna mpaka akafika kwenye kifuu, tukala wali wenye rangi ya vumbi na tukausifu. Kusuka nywele kunafaa, kunawakalisha wawili kwa saa tatu. Kuchoma mahindi kunawavuta wanaume. Kazi iwe ya kweli, yaani isipofanyika watu watalala njaa. Mchezo wa kubuni vijana wanaunusa mara moja.

Wanaume wapewe zamu kama wengine. Nilipanga: asubuhi chai ni zamu ya wanaume, jioni wote. Kaka mkubwa, mtu wa ofisini, alichemsha uji kwa mara ya kwanza tangu jeshini. Ulikuwa na madonge. Mama aliunywa wote na kuomba kikombe cha pili. Mimi niliumwaga kwenye maua, na maua yako hai.

Matembezi: moja kwa siku, na basi

Usijaze ratiba. Tulikuwa na siku tatu kamili na tulitoka mara tatu tu, kila mara kati ya saa nne asubuhi na saa nane. Siku moja msitu wa Magamba, nusu saa ya kutembea kwa wenye miguu, huku Mama na dada wakibaki garini na karanga. Watoto waliwaona mbega, wale kima weupe kwa weusi wenye mkia kama fagio. Siku nyingine maporomoko ya Soni, ambayo yako karibu na barabara. Siku ya tatu Irente.

Irente ni ukingo wa mlima, kilomita chache kutoka mjini. Barabara yake ina mawe, na gari likifika mwisho bado kuna hatua za kutembea kwenye njia isiyo sawa. Hapo ndipo tulipombeba Mama kwa kiti, wanawe wawili wa kiume, mmoja mbele mmoja nyuma. Walikuwa wamefika nusu ya njia aliposema, kwa sauti ya upole kabisa, "Hiki ndicho kile cha chooni." Ndiyo. Walichukua kile kilichotobolewa. Hawakukigeuza tena, alibebwa hivyohivyo hadi juu, khanga imetandikwa, anacheka machozi yanatoka.

Pale ukingoni hakuna wa kukuzuia isipokuwa akili yako, kwa hiyo mkabidhi kila mtoto mdogo mtu mzima mmoja kwa jina, kabla hamjashuka garini. "Wote tuangalieni watoto" maana yake hakuna anayeangalia.

Mlima unakatika ghafla. Chini kabisa, kina kinachofanya tumbo lipande, kuna nyika ya joto inayokwenda mpaka macho yanachoka, barabara ya Moshi kama uzi, mapaa ya bati yanametameta, na mashamba ya mkonge yaliyochorwa kwa rula. Mazinde iko pale chini. Mama alitazama muda mrefu. Kisha akasema kwamba walikuwa wanakaa kule, wasichana, jioni wakisubiri maji bombani, wanaitazama milima hii na kubishana kama huku juu kuna watu au ni mawingu tu.

Njiani kurudi tulipita Irente Farm, wanakotengeneza jibini, mkate na jamu. Nunueni mkate na jamu. Jibini wenyewe wanaisifu na wageni wanaifuata kutoka mbali, Mama alionja kipande, akakitafuna kwa adabu, akaniambia sikioni, "Mwanangu, hii ni sabuni."

Akiba

Nilisema nitarudi kwenye ile 250,000. Sehemu ilikwenda kwenye gesi iliyokwisha usiku wa pili, na sehemu kwa fundi aliyebadilisha mkanda wa gari pale Soni. Hayo ni ya kawaida, utakutana nayo. Lakini weka na akiba ya muda pia. Siku ya kurudi usipange kufika popote kabla ya usiku, usimwahidi mtu yeyote Dar kitu chochote cha jioni ile.

Tarehe 31 tulishuka zile kona taratibu, ndoo ikiwa tayari, haikutumika. Kwenye makutano ya Mombo dereva akawasha taa ya kushoto, kuelekea Korogwe na Dar.

"Kulia," alisema Mama kutoka siti ya mbele.

"Bibi, kulia ni Moshi."

"Najua kulia ni nini. Kata."

Dereva akanitazama kwenye kioo. Nikatikisa kichwa kukubali. Tukaenda Mazinde. Mama alishushwa kando ya barabara, akakaa kwenye kiti, kile kizima safari hii, ameupa mkonge mgongo. Alikuwa anatazama juu. Akamtaka kitinda mimba amwonyeshe ni wapi hasa tulisimama juzi. Akamwonyesha. Mjukuu akasema hapana, ni ule mwamba mwingine, wa kushoto. Kaka mkubwa akasema wote wamekosea. Wakabishana robo saa nzima, vidole juu, jua linawaka, masweta viunoni, mpaka dereva akapiga honi.

Kwenye daftari nimeandika: Mazinde, Mama, mafuta, 25,000.